Usalama kazini kambini: kutoka uwanja wa shabaha hadi karakana na jikoni

Uwanja wa shabaha ndiyo sehemu ya kambi inayoonekana kuwa ya hatari kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayosimamiwa vizuri kuliko zote. Hakuna anayegusa silaha kabla ya ofisa wa uwanja kutoa ruhusa. Kila mtu anayajua maneno yatakayotumika. Kuruta akiona mtu amepita mbele ya mstari wa kufyatulia, anapiga kelele papo hapo, na wote, maofisa wakiwemo, wanaacha kufyatua. Hakuna anayemuuliza cheo chake.

Kesho yake askari huyo huyo anaingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki moja juu ya mchanga, na wenzake watano wamesimama wanatazama kimya.

Kwa hiyo mkuu wa kikosi kilichoko Mtwara, Masasi au Nachingwea hahitaji kuleta utamaduni mpya kutoka nje. Utamaduni wa usalama anao tayari, ila umefungiwa uwanja wa shabaha. Kazi yake ni kuyatoa huko mambo manne na kuyapeleka karakana, jikoni, kwenye mafuta na kwenye magari: kila kazi ya hatari iwe na mtu mmoja anayeimiliki, isianze kabla ya kukaguliwa, mtu yeyote aweze kuisimamisha, na aliyesimamisha asiadhibiwe. Upande wa kiraia, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 ndiyo inayoweka kiwango cha chini Tanzania Bara. Itumie kama kipimo cha chini hata pale unapokuwa na kanuni zako za kijeshi.

Neno moja la kusimamisha kazi

Andika amri ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida. Isomwe kwenye paredi ya asubuhi siku tatu mfululizo, halafu ibandikwe karakana, jikoni, bohari ya mafuta na getini. Iseme hivi: yeyote aliyeko kambini, askari, kuruta, raia au fundi wa mkandarasi, akiona hatari anapaza sauti "SIMAMA!" na kuinua mikono yote miwili juu. Ishara ya mikono inahitajika kwa sababu jenereta na grenda zikiwaka sauti haisikiki.

Baada ya neno hilo mambo yanakwenda kwa mpangilio huu, bila kuruka hata hatua moja:

1. Kazi inasimama, hata kama msimamizi anaona hakuna hatari. Mashine inazimwa, mzigo unashushwa chini, mikono inatolewa.
2. Msimamizi anauliza, "Umeona nini?" Haulizi "Nani amekwambia usimamishe?"
3. Msimamizi anakagua kwa macho yake, anaamua, na kutaja kwa sauti kilichobadilishwa: "Tumeongeza stendi (mguu wa chuma unaoshikilia gari lililoinuliwa) upande wa kushoto."
4. Kazi inarudi kwa ruhusa ya msimamizi huyo tu.

Aliyepaza sauti akiwa amekosea, kikosi kimepoteza dakika mbili. Mwambie ahsante na umweleze kwa nini haikuwa hatari, naye amejifunza jambo.

Amri hii hufa siku moja inayojulikana: siku ya kwanza kuruta anapomsimamisha sajini. Sajini akimrusha kichura jioni kwa "kujifanya mjuaji", kambi nzima itakuwa imeshajua kabla ya chakula cha usiku, na hutasikia tena neno hilo mpaka siku ya ajali. Mkuu wa kikosi afuatilie mwenyewe mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Amwite aliyesimamisha mbele ya paredi, aseme alichoona, amshukuru. Dakika tatu za paredi zinatosha, na hakuna bango litakalofanya kazi hiyo badala yake.

Wapo watakaolalamika kwamba hili linavunja utii. Haliuvunji. Vitani kamanda hupima hatari dhidi ya lengo, na wakati mwingine huikubali. Kubadilisha tairi Jumanne saa nne asubuhi hakuna adui anayesubiri. Anayelazimisha kazi ya karakana ifanywe kwa haraka ya vita hajaelewa wala vita wala karakana.

Daftari la nusura

Ajali huanza kuonekana mapema, katika matukio ambayo nusura yaumize mtu lakini hayakuumiza. Tatizo la jeshini ni kwamba habari mbaya hupungua kila zinapopanda ngazi. Praiveti anasema jeki iliteleza, koplo anasema jeki ina kasoro kidogo, sajini anasema jeki inahitaji matengenezo, na ofisa anapokea taarifa kwamba vifaa viko sawa. Daftari la nusura ni njia ya kuiruka ngazi hiyo.

Chukua daftari gumu la kawaida, moja kwa kila eneo la kazi, lifungwe kwa uzi pamoja na kalamu. Lisikae mezani kwa sajini. Likae mahali ambapo mtu anaweza kuandika bila kuonekana. Jina si lazima. Maswali ni manne tu: wapi, lini, nini nusura kitokee, na nini kilizuia. Asiyeandika vizuri amwambie mwenzake amwandikie.

Swali la nne ndilo lenye thamani. Jibu likiwa "stendi ilishika", kinga yako imefanya kazi. Jibu likiwa "nilikuwa nimetoka kuchukua spana", basi kilichozuia ni bahati, na tukio hilo lishughulikiwe kama ajali kamili, kana kwamba mtu ameumia. Kwa kipimo hicho utajua upesi ni kazi zipi kikosini kwako zinaendeshwa kwa bahati.

Kila Ijumaa mkuu wa kikosi au naibu wake apite asome madaftari yote na aandike jibu chini ya kila taarifa: kimefanyika nini, au kitafanyika lini, au kwa nini hakiwezekani. "Hakuna fedha mpaka robo ijayo, kwa sasa mashine hii isitumike" ni jibu halali. Kukaa kimya si jibu. Taarifa tatu zikikosa majibu, ya nne haitaandikwa.

Daftari likikaa mwezi mzima bila mstari hata mmoja, usifurahi. Ina maana watu wanaogopa au wamekata tamaa. Kwa sababu hiyo hiyo achana na ubao wa "siku kadhaa bila ajali" wenye zawadi ya mbuzi kwa kombania iliyoshinda. Ubao wa namna hiyo huwafundisha watu kuficha vidole vilivyokatika. Kama lazima utoe mbuzi, mpe aliyeandika nusura iliyosababisha marekebisho makubwa.

Suala la adhabu halikwepeki. Tenganisha mambo matatu. Mtu aliyeteleza, yaani alikusudia kufanya sawasawa mkono ukakosea, haadhibiwi. Rekebisha kifaa au mpangilio. Mtu aliyekata njia ya mkato ambayo kila mtu kikosini huikata anasahihishwa pamoja na kikosi kizima, na msimamizi aliyeiona njia hiyo kila siku akanyamaza anahojiwa kwanza. Mtu aliyejua hatari, akaonywa, akaendelea kwa makusudi, huyo sheria za kijeshi zipo. Ukishindwa kupambanua, jiulize: askari mwingine mwenye mafunzo yale yale, vifaa vile vile na haraka ile ile, angefanya nini? Kama jibu ni "vivyo hivyo", kumfunga mahabusu hakutazuia ajali ya kesho.

Karakana

Hapa kaeni zaidi, kwa sababu hapa ndipo mazoea mabaya huitwa ufundi.

Jeki kwanza. Udongo wa pwani ya Mtwara na Lindi ni mchanga. Jeki ya chupa iliyosimama vizuri saa tatu huwa imezama na kuinama saa nne. Weka chini ya jeki ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene usiopungua sentimita 5. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Inua, ingiza stendi mbili zilizoandikwa uzito unaoweza kubebwa, shusha gari liketi juu ya stendi, kisha lisukume kwa mkono kulijaribu kabla mtu hajaingia chini. Likitikisika, anza upya. Jeki kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi. Mawe, tofali na magogo si stendi: tofali hupasuka ghafla bila dalili, na gogo la mnazi huviringika.

Tairi za malori ya zamani zenye rimu ya vipande na ringi ya kufuli, yaani ringi ya chuma inayolibana tairi kwenye rimu, zinastahili sheria yao peke yake. Tairi ikiwa na upepo wa psi 100, ringi ikichomoka hutoka kwa nguvu ya kukata kichwa. Sindano ya vali itolewe na upepo wote uishe kabla nati ya kwanza haijaguswa, na kwenye magurudumu pacha upepo utolewe katika yote mawili, kwa sababu la ndani linaweza kuwa limepasuka rimu bila kuonekana. Safisha kutu kwenye mfereji wa ringi kwa brashi ya waya. Ringi iliyopinda au yenye ufa itupwe. Usiinyooshe kwa nyundo. Jaza upepo tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa bomba la urefu wa mita 3 lenye kichwa kinachojishika chenyewe, na anayejaza asimame pembeni, kamwe asisimame mbele ya ringi. Simama psi 20, tazama kama ringi imekaa sawasawa pande zote. Haijakaa? Toa upepo wote, anza upya. Kuigonga nyundo ringi huku kukiwa na upepo ndiko kunakoua mafundi wazoefu, kwa vile wameshaigonga mara mia na haikuwafanya kitu. Kama kikosi hakina kizimba, tairi hizo zisijazwe hapo kikosini.

Pipa tupu la mafuta huwatia watu imani isiyo na msingi. Pipa la lita 200 likiwa na kijiko kimoja tu cha chakula cha petroli iliyobaki, mvuke wake unatosha kulipua pipa zima, maana petroli huanza kushika moto mvuke wake unapofika takriban asilimia 1.4 ya hewa. Pipa lililojaa halina nafasi ya hewa ndani, tupu linayo. Kwa hiyo hakuna kukata pipa la mafuta kwa grenda wala gesi ili kutengeneza jiko, sinki au birika la mifugo. Kusuuza kwa maji na sabuni hakutoshi. Kambi ikihitaji mapipa ya kukata, itafute yaliyobeba vitu visivyowaka.

Betri: toa waya wa hasi kwanza, rudisha wa hasi mwisho. Vua pete na saa. Chumba cha kuchajia kiwe na madirisha ya juu yaliyo wazi, kwa kuwa haidrojeni, gesi inayowaka inayotoka kwenye betri ikichajiwa, hupanda. Ukichanganya tindikali, mimina tindikali kwenye maji, usimimine maji kwenye tindikali. Ndoo ya maji safi ya kuoshea macho iwe hatua chache kutoka hapo, na maji yabadilishwe kila asubuhi. Ndoo yenye viluwiluwi ni pambo.

Jua, maji na kuruta wapya

Kuruta aliyetoka Makete au Mbulu akishuka basi Mtwara mwezi wa Novemba, mwili wake bado uko milimani. Kuanzia Oktoba upepo wa kusi umekwisha, mvua kubwa hazijashika, na hewa ya pwani ina unyevu unaozuia jasho kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili.

Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea. Wiki ya kwanza kazi nzito na mbio ziwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na ziongezwe kidogo kidogo. Aliyerudi kutoka likizo au aliyeugua malaria au kuhara anahesabiwa kuwa mgeni tena.

Kama kikosi kinaweza kupata kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua, kipatikane; kipimajoto cha ukutani hakioni unyevu. Majedwali yaliyotumiwa kwa miaka mingi na jeshi la Marekani yalisema kipimo hicho kikipita nyuzi 32, kazi nzito ifanywe dakika 10 na mapumziko yawe dakika 50 katika kila saa, na hilo ni kwa watu waliokwisha kuzoea joto. Wakufunzi wengi wataona ni uvivu. Waonyeshe hesabu ya walioanguka.

Maji: robo lita kila dakika 15 hadi 20 wakati wa kazi nzito, yasizidi lita moja na nusu kwa saa wala lita 11 kwa siku. Kikomo cha juu kina sababu yake. Mkufunzi anayewalazimisha kuruta kugugumia maji kama adhabu anaweza kushusha chumvi ya damu mpaka mtu apate degedege, na dalili zake hufanana na za joto. Uji wenye chumvi asubuhi na chakula kamili mchana husaidia kuliko ndoo ya ziada.

Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kugombana bila sababu huku mwili unawaka, usibishane naye na usimwite mvivu. Hicho ni kiharusi cha joto mpaka tabibu aseme vinginevyo. Mpoze hapo hapo kwanza, kumsafirisha ni baadaye. Weka turubai chini, watu wanne washike pembe liwe kama beseni, mlaze ndani, mimina maji na barafu, yatikiseni maji yazunguke, kichwa kikae juu ya maji. Lengo ni kushusha joto la mwili chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Kwa hiyo kila mazoezi makubwa yawe na turubai moja, madumu manane ya lita 20 na sanduku la barafu. Barafu ile ile wanayouziwa wachuuzi wa samaki inafaa. Aliyepakiwa kwenye gari bila kupozwa, akapelekwa Hospitali ya Ligula mjini Mtwara umbali wa saa moja, anafika na ubongo umeshaiva.

Magari

Dereva aliyekesha lindoni hashiki usukani asubuhi. Sheria hii iandikwe kwenye karatasi ya safari: mstari unaouliza "Umelala kwa saa ngapi?" na sahihi ya anayetoa gari, ili anayeruhusu abebe jukumu pamoja na anayeendesha. Chini ya saa sita, atafutwe dereva mwingine.

Kurudisha gari nyuma kambini bila mtu wa kuongoza kupigwe marufuku moja kwa moja. Mwongozaji asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo; kioo kikimpoteza, gari linasimama. Mwongozaji ni mmoja. Wakiwa watatu wote wanapunga mikono, dereva hana mwongozaji.

Askari wanaosafiri nyuma ya lori wakae kwenye mabenchi, kingo ya nyuma imefungwa kwa pini zote, na hakuna mtu kukaa juu ya kingo. Watu na mapipa ya mafuta, mitungi ya gesi au vyuma visivyofungwa havipandi gari moja. Kwenye barabara za uwanda wa Makonde, hasa mteremko wa kutoka Newala kwenda upande wa Masasi, gia ndogo iingizwe kabla ya kuanza kushuka. Dereva anayekumbuka katikati ya mlima breki zake zimeshapata moto. Mvua za Desemba hadi Aprili udongo mwekundu huteleza, na hapo safari isiyo ya lazima isubiri kukauke.

Jiko, jenereta, kisima

Haya yapite upesi, sheria zake ni fupi. Mitungi ya gesi ya jikoni ikae nje ya ukuta, wima, imefungwa mnyororo. Kila mtungi ukibadilishwa, jaribu viungo kwa povu la sabuni, usijaribu kwa kiberiti. Sufuria la lita 100 la maharage halisogezwi likiwa na moto. Chota kwa ndoo ndogo mpaka libebeke. Jenereta likae angalau mita 6 kutoka dirisha lolote, lijazwe mafuta likiwa limezimwa na limepoa, na liunganishwe na nyumba kwa swichi ya kubadilishia tu, kwa kuwa umeme unaorudi kwenye laini ya TANESCO unaweza kumuua fundi aliyeko juu ya nguzo kilomita mbili kutoka kwako.

Kisima, tangi na shimo la choo: hakuna kuingia bila kamba ya mwilini, watu wawili juu, na hewa iliyopimwa. Pampu ya petroli haishushwi kisimani kamwe. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate. Anayefuata kumwokoa bila kamba huwa maiti ya pili. Hilo lifanyiwe mazoezi, kwa sababu ushujaa wa askari unamvuta kinyume chake.

Vikosi vyenye mashamba ya korosho viongeze jambo moja: salfa ya unga, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho. Anayepuliza avae barakoa, miwani na nguo ndefu, apulize asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia. Ghala la salfa lisiwe na moto wala mtu wa kuchomelea jirani. Vumbi lake linawaka.

Ukaguzi usio wa rangi

Jeshini ukaguzi ukitangazwa, mawe hupakwa chokaa na kutu hufichwa kwa rangi. Mkaguzi anaona kambi inang'aa na anaondoka hajui chochote. Ukaguzi wa usalama usitangazwe, uchukue dakika 40, uende eneo moja tu, na ufanywe na watu watatu: ofisa, sajini, na mmoja wa wanaofanya kazi hapo kila siku.

Gusa vitu. Ndoo nyekundu ya mchanga, ingiza mkono: mara nyingi utakuta vichungi vya sigara juu na mchanga ulioganda chini. Mtungi wa kuzimia moto, tazama mshale uko kwenye kijani, pini ipo, bomba halijafanywa nyumba na mavu, kisha upindue na kuupigapiga kitako, maana unga hushikana kwenye hewa yenye unyevu. Ngazi, kanyaga daraja la chini. Waya wa grenda, upitishe mkononi wote, huku umechomolewa. Halafu mwambie askari, "Nionyeshe unavyofanya," na unyamaze. Atafanya anavyofanya siku zote kwa sekunde 30 za kwanza, kabla hajakumbuka kwamba uko hapo. Hizo ndizo unazozitafuta.

Mtu akiumia, uliza kwa nini mpaka ufike mahali unapoweza kurekebisha kitu. Chukua mfano wa mpishi aliyeungua mkono. Alibeba sufuria la moto peke yake. Kwa nini? Chakula kilikuwa kimechelewa. Kwa nini? Kuni zilikuwa mbichi. Kwa nini? Zinanyeshewa. Dawa yake ni bati sita na nguzo nne za banda la kuni. Taarifa iliyoishia "mpishi hakuwa makini" imetupa nafasi hiyo.

Kwenye ubao wa zahanati ya kikosi iandikwe namba ya Zimamoto, 114, jina la hospitali iliyo karibu na njia ya kwenda huko masika. Kikosi kilicho njia ya Masasi kinaweza kuwa karibu zaidi na hospitali ya Ndanda kuliko ya mjini Mtwara. Cha upande wa Lindi kinaweza kuwa karibu na hospitali ya Nyangao kuliko ya Sokoine mjini Lindi. Pima kwa gari, usikadirie.

Ghala la risasi na jirani wa nje ya uzio

Maghala ya mabomu ya jeshi yaliyolipuka Dar es Salaam, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, yaliwaonyesha Watanzania kwamba mlipuko wa ghala hauishii kwenye uzio. Uhifadhi wenyewe ni kazi ya mtaalamu wa risasi na mabomu, na hapa hatumfundishi kazi yake. Lakini kuna mambo ambayo kikosi kizima kinayafanya au kinayaharibu. Baruti huzeeka kwa joto, kasi ya kuharibika kwake ikikaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Kwa hiyo matundu ya hewa yaliyozibwa kwa makasha ni hatari inayokua kimya kimya. Joto la ndani liandikwe kila siku, wakati wa mchana, na anayeandika awe ameingia kweli. Nyasi zikatwe na njia ya kuzuia moto ilimwe kabla ya Juni, kwani kuanzia hapo hadi Oktoba watu huchoma mashamba. Mtaalamu akisema shehena fulani iondolewe, barua yake isikae kwenye trei.

Kisha vijiji jirani na uwanja wa shabaha. Watoto wanaochunga na watu wanaookota vyuma chakavu wataingia, kibao cha onyo kiwepo kisiwepo. Nenda kwenye mkutano wa kijiji na shule ya msingi kila mwaka kabla ya msimu wa mazoezi, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Onyesha picha. Ujumbe ni mmoja: usiguse, weka alama kwa mbali, rudi ulipopita, toa taarifa. Zungumza pia na wanunuzi wa vyuma chakavu, maana mzani wao ndio unaomvuta mtoto kuingia. Na anayeleta taarifa asihojiwe alikuwa anafanya nini eneo la jeshi. Ukimkamata mmoja, wengine wataokota na kunyamaza.

Uhamisho

Mkuu wa kikosi atahamishwa, na mara nyingi kila kitu hiki huhama naye. Kinga ni kukiweka mikononi mwa wanaobaki: Sajini Meja, fundi mkuu wa karakana, mpishi mkuu, na raia walioajiriwa ambao wameona wakuu wengi wakija na kuondoka. Hao ndio waendeshe dakika tano za asubuhi, ambapo anayekwenda kufanya kazi ya hatari siku hiyo anaeleza mwenyewe kazi yake, kinachoweza kumuumiza, na atafanya nini kukizuia.

Katika makabidhiano, faili la usalama liwe na karatasi nne tu: amri ya SIMAMA, orodha ya nusura ambazo hazijapatiwa jibu, orodha ya vifaa vilivyopigwa marufuku na sababu yake, na majina ya wamiliki wa kila kazi ya hatari. Mkuu mpya atembezwe maeneo yote akiwa na orodha hiyo ya nusura mkononi, siku ile ile anayokagua silaha, na atie sahihi kila mstari: nimeona, nitamaliza lini.